Mtazama Mwezi wa Lubunda

Kila mwaka, siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, Waislamu wa Kabambare walimtuma mtu mmoja mlimani. Mji wao ulikaa bondeni, katikati ya michikichi, na upande wa magharibi, kule ambako mwezi mwandamo huchungulia kidogo tu kisha ukazama, palikuwa na msitu mrefu wa kando ya mto. Ukisimama uwanjani mwa msikiti ungeona kila kitu isipokuwa mwezi wenyewe. Kwa hiyo mtu alipanda Lubunda, mlima ulio mwendo wa saa tatu upande wa mashariki, akaketi juu ya jiwe, akaelekeza uso kwenye nchi yote inayoteremka kwenda Kasongo. Akiuona mwezi, ngoma ya gogo ilipigwa kule juu, kijiji cha chini kikaipokea na kuipiga tena, na mji ukajua kwamba kesho ni Idi. Asipouona, ngoma ilinyamaza na watu wakafunga siku ya thelathini, huku wakimnung'unikia kana kwamba ameuficha mfukoni.

Tangu mwaka 1926 hadi 1958, wakati wa Wabeleji, mtu huyo alikuwa Abedi, fundi cherehani. Na nikueleze mapema jambo ambalo watu wa Kabambare wenyewe walichelewa kuling'amua: Abedi aliupenda ule mlima kuliko alivyoupenda mwezi.

Alitoka Kasongo akiwa kijana wa miaka ishirini, akaja kujifunza ushonaji kwa baba yake mdogo. Huyo baba mdogo ndiye aliyekuwa mtazama mwezi, lakini magoti yalikuwa yameanza kumkataa.

"Wewe uko na macho ya mwewe," alimwambia Abedi siku moja ya Aprili, bila kuinua uso kwenye kitambaa. "Utapanda wewe."

Aprili ni mwezi wa mvua kubwa, na mvua haikumhurumia mgeni. Ilimkamata kwenye daraja la miti, ikamsindikiza hadi juu. Aliteleza, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na alipofika kijiji cha mwisho chini ya kilele alikuwa amepakwa udongo mwekundu mpaka masikioni. Mtu wa kwanza aliyekutana naye alimcheka waziwazi. Alikuwa kijana wa rika lake, Mbangubangu, kabila la wenyeji wa huko, Mkristo, mwana wa mwenye ile ngoma ya gogo. Jina lake Théophile.

"Mwezi wenu unapenda watu wachafu?" Théophile aliuliza.

Abedi alikuwa na funga, na njaa haina subira ya mizaha. "Nionyeshe njia ya juu," alijibu.

Walipanda pamoja. Mawingu yalikuwa yameketi kileleni, na kwa muda mrefu hawakuona hata miguu yao. Kisha, jua likiwa limeshazama, upepo ukayafungua mawingu upande mmoja tu, upande wa magharibi, na nchi ikatokea chini yao: mto Luama unameta kati ya miti yake, vilima vya kijani vilivyooshwa, mashamba ya mpunga yakianza kuwa ya manjano, moshi wa vijiji asivyovijua majina. Juu yake palikaa mwezi, mwembamba, umelala chali. Abedi alisahau kusema ameuona. Alisimama mdomo wazi, na machozi yakamtoka, jambo ambalo hakulitarajia wala hakulielewa.

"Basi?" alisema Théophile. "Nipige ao nisipige?"

"Piga," alisema Abedi.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wao. Sheria ilikuwa wazi: shahidi wa mwezi lazima awe Mwislamu, kwa hiyo macho ya Théophile, ingawa yaliweza kumtambua mbuzi wa nani yuko ng'ambo ya bonde, hayakuhesabiwa. Mara nyingi yeye ndiye aliyeuona kwanza. Lakini alikuwa na adabu yake. Alinyamaza, akatazama kwingine, akajikuna mguu, akauliza habari za mji, mpaka Abedi aseme mwenyewe. Ndipo akasema, "Aa, kumbe iko pale," kama mtu aliyeshtushwa, akashuka mbio kwenye ngoma. Abedi alijua. Théophile alijua kwamba anajua. Hawakulizungumza.

Kalenda ya Waislamu haingoji kalenda ya Wabeleji. Kila mwaka Idi hutangulia siku kumi na moja hivi. Ukikaa mahali pamoja hutalijali sana. Lakini mtu anayepanda mlima uleule kwa mwezi uleule ataona majira yakimjia kinyumenyume. Abedi alikuwa akizeeka kwenda mbele, na mlima ulikuwa ukirudi nyuma, kutoka mvua za Aprili kwenda Machi, kutoka Machi kwenda Februari, na hivyo hivyo, polepole, mwaka hata mwaka.

Alipooa, Idi ilikuwa imefika Januari. Huo ndio wakati mvua hupumzika kidogo, na mahindi mabichi yalikuwa yamejaa pande zote mbili za njia, marefu kuliko mtu. Théophile naye alikuwa ameoa, mke wake Léocadie, mwanamke mnene wa kicheko ambaye tangu mwaka wa kwanza alimwita Abedi shemeji. Léocadie alijua kwamba mgeni wake hali nyama asiyoichinja Mwislamu, kwa hiyo kila mwaka palikuwa na jogoo aliyefungwa kamba kwenye nguzo ya jiko, akingoja kisu cha Abedi. Jogoo mmoja alikata kamba akakimbilia mahindini, na wanaume wawili wazima, mmoja wao mwenye funga, walimkimbiza mpaka wakaanguka kwa kucheka. Mwezi ulionekana jioni hiyo bila taabu. Abedi alikula wali na mahindi ya kuchoma, akateremka kwa mwanga wa kienge cha nyasi akiimba.

Miaka ikasogea, Idi ikaingia Desemba, kisha Novemba. Novemba ni ya kumbikumbi. Walitoka ardhini kwa mawingu, na watoto wa Théophile wakawakimbilia na vikapu, na Léocadie akawakaanga kwa chumvi. Uyoga ulikuwa mweupe chini ya kila mti. Miaka hiyo mwezi ulijificha mara kwa mara nyuma ya radi, na Abedi alirudi mjini amelowa, hana habari, watu wakimtazama kwa jicho la pembeni. Hata hivyo alirudi na uyoga.

Halafu vita vya Wazungu. Serikali ilitaka mpira wa porini, na wanaume waliingizwa msituni kuutafuta, wiki baada ya wiki. Mwaka 1943 Abedi alipanda mwishoni mwa Septemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanguka juu ya majani yaliyoungua, na mlima mzima ulikuwa na kijani kile kipya ambacho hudumu siku chache tu. Alimkuta Léocadie peke yake na watoto.

"Ndugu yako iko mu pori," alisema. "Wamemupeleka. Sijui atarudi siku gani."

"Na ngoma?"

"Ngoma iko. Mimi niko."

Jioni hiyo Abedi aliketi jiweni peke yake kwa mara ya kwanza, akauona mwezi, akageuka kumwambia mtu, pakawa hapana mtu. Alipaza sauti kuelekea kijijini. Léocadie akafunga kitenge vizuri, akaipiga ile ngoma kwa nguvu hata mjini watu wakasema mwaka huu Théophile amekula nini. Théophile alirudi Krismasi, amekonda, na kovu refu mkononi. Alipoambiwa habari za ngoma alinuna siku mbili, kisha akaanza kumsifia mke wake kila mahali.

Na mwishowe kiangazi. Mwaka 1950 Idi iliangukia Julai. Abedi hakuwa amewahi kuona Lubunda mkavu, na alidhani hataupenda. Majani yalikuwa ya rangi ya simba, baridi ya asubuhi iliuma vidole, na mioto ya porini ilikuwa imejaza anga moshi. Jua lilizama jekundu, dogo, bila miale. Mwezi ulipotokea ulikuwa mwekundu pia. Théophile alileta asali mpya kwenye jani la mgomba, wakaketi wamejifunika blanketi moja, watu wawili wa miaka arobaini na kitu wenye watoto wakubwa, wakailamba kama watoto wadogo.

"Huu ndio muzuri kupita yote," alisema Abedi.

"Kila mwaka unasema vile," Théophile alimjibu.

Ni kweli, kila mwaka alisema hivyo.

Shida ya macho ilianza miaka michache baadaye. Kwanza alishindwa kutia uzi kwenye sindano, na hilo halikumtisha, kwa kuwa kila fundi wa umri wake hushindwa. Mke wake, Aziza, alimtilia nyuzi asubuhi, sindano kumi kwa mpigo, akazichomeka kwenye mto mdogo. Kisha taa zikaanza kuwa na ukungu pembezoni. Kisha watu wa ng'ambo ya barabara wakapoteza nyuso, akawa anawajua kwa mwendo. Ndani ya jicho la kulia palionekana kidoa cheupe. Aziza alikiona, akasema mara moja tu: "Baba Faida, mwezi uko mbali kuliko ng'ambo ya barabara." Faida alikuwa binti yao wa kwanza. Abedi akajifanya hakusikia.

Alijua vizuri. Lakini pia alijua kwamba akisema, atatumwa mwingine, na yeye hatakuwa na sababu ya kupanda Lubunda tena. Mtu mzima, fundi, mwenye wateja, haachi kazi akapanda mlima wa watu kwa kutamani tu. Angesema anakwenda kufanya nini? Alikaa na siri yake kama mtu anayekalia kiti chenye mguu mmoja mbovu, bila kutikisika sana.

Idi ya 1957 iliangukia mwanzoni mwa Mei, mvua zikiaga. Abedi aliketi jiweni, akakaza macho mpaka yakauma. Aliona mwanga wa manjano, basi. Giza likawa linakuja. Théophile alijikuna mguu, akauliza habari za mji, akajikuna mguu wa pili, na mwishowe, kwa kuwa alihisi muda unapita, akavunja adabu ya miaka thelathini.

"Ndugu, tazama pale juu ya ule muti wa kukauka."

Abedi aliuelekeza uso kule alikoonyeshwa. Hakuona mti wala mwezi.

"Nimeuona," alisema. "Piga."

Ngoma ikalia, mji ukasherehekea, na mwezi ulikuwapo kweli, hakuna aliyedhulumiwa. Lakini Abedi hakuonja pilau ya Idi ile. Watu mia kadhaa walikuwa wamefungua kinywa kwa neno lake, na neno lake lilikuwa la uongo. Mwaka mzima, kila walipomwita "shahidi wetu" barabarani, alihisi amevaa nguo ya mtu mwingine.

Mwaka 1958 ukaja, na Idi ikarudi Aprili. Alikuwa amezunguka mwaka wote wa mlima, mwezi kwa mwezi, na sasa anaupanda tena katika mvua ileile ya ujana wake. Aliteleza sehemu zilezile, ila mara hii hakuona anapotelezea. Théophile alimngoja kwenye mgomba wa kwanza wa kijiji, mvi kichwani, akamshika mkono, na Abedi akaelewa kwamba rafiki yake amekwishajua.

Mawingu yalifunguka magharibi, kama zamani. Abedi alijua kwa upepo uliompiga usoni na kwa joto la mwanga. Walikaa. Théophile hakujikuna mguu. Alikuwa anautazama mwezi, na Abedi alijua.

"Unauona," alisema Abedi.

"Iko pale. Muzuri sana. Sema neno tu, mimi nipige."

Ilikuwa rahisi vile. Neno moja, na mwakani angepanda tena, na mwaka ufuatao, akishikwa mkono, mpaka miguu ikatae. Hakuna mtu duniani angejua isipokuwa huyu mmoja, na huyu mmoja asingesema kamwe. Abedi aliiona Aprili ya mwakani, aliiona Februari yenye mahindi, alimsikia Léocadie akimwita shemeji kutoka jikoni. Alitaka sana.

"Usipige," alisema.

"Namna gani? Iko pale, nakuambia! Watu watafunga bure!"

"Watafunga siku thelathini, haiko zambi. Walinituma mimi, hawakukutuma wewe. Na mimi siko naona kitu, ndugu yangu. Hata mwaka jana sikuona."

Théophile akasogea karibu, mabega yakagusana.

"Niambie basi," alisema Abedi. "Niambie iko namna gani. Yote."

Na Théophile, mtu ambaye katika miaka yote hiyo hakuwa amesifia kitu isipokuwa mbuzi wake na mke wake, akaanza kumweleza. Mwezi umelala chali. Kuna wingu moja chini yake, refu, lina rangi ya ndizi mbivu. Luama inang'aa sehemu tatu tu. Mpunga wa watu wa chini umekwisha kuiva, wengine wameanza kukata. Kuna mtu anapanda njia na mzigo kichwani, lakini yuko mbali, labda ni mwanamke. Alieleza mpaka mwezi ukazama, na Abedi alilia bila kujificha.

Mjini walikula daku, wakafunga. Jioni yake mwezi ulisimama juu ya michikichi, mnene, hauhitaji mlima wala shahidi, na watoto wenyewe waliuonyesha kwa vidole. Kila mtu alijua ni mwezi wa siku mbili. Kelele zikaanza. Ndipo Abedi alipokuja mbele ya msikiti, Aziza akimwelekeza kwa nyuma, akasimama mbele ya Mwalimu Moustapha, imamu wao.

"Jana mwezi ulikuwako," alisema. "Mimi sikuuona. Macho yangu yamekwisha. Na mwaka jana pia sikuuona, lakini nilisema nimeuona."

"Nani aliuona mwaka jana?" aliuliza Mwalimu.

"Théophile."

Uwanja mzima ulipumua kwa pamoja. Wengine walicheka, wengine walitema mate chini. Mwalimu alifikiri, akasema Idi ile haikuharibika, kwa sababu mwezi ulikuwapo kweli. Lakini mtu aliyeshuhudia asichokiona, ushahidi wake haupokelewi tena. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, maana alimpenda Abedi, na kanzu aliyovaa ilishonwa naye. Hata hivyo alisema. Miezi miwili baada ya hapo wateja walipita baraza la Abedi wakitazama upande mwingine, na cherehani ilikaa imefunikwa.

Kiangazi kilipoanza, majani yalianza kugeuka rangi, na Abedi akawa hali vizuri. Alikaa barazani, uso umeelekea mashariki, akinusa. Aziza alimvumilia wiki tatu.

"Twende," alisema asubuhi moja.

"Twende wapi? Hakuna mwezi wa kutazama."

"Miaka thelathini na tatu unarudi kwangu na uyoga na asali na maneno mengi. Mimi ule mulima nausikia tu kwa ngoma. Twende. Nitakuwa nakuambia kilichoko njiani."

Mtu aliyetaka kukaa nje ya sheferi yake, yaani eneo la chifu wake, zaidi ya mwezi mmoja alihitaji karatasi ya serikali. Walikwenda kwa karani, Jean-Marie, kijana wa misheni mwenye mwandiko mzuri na haraka nyingi.

"Siku ngapi?"

"Kiangazi chote," alisema Abedi.

"Sababu ya safari? Kazi?"

"Hapana."

"Biashara?"

"Hapana."

"Dini?"

Aziza alitazama sakafu.

"Hapana, baba. Ile imekwisha," alisema Abedi. "Andika, naenda kwa ndugu yangu."

"Jina la ndugu?"

"Théophile, wa Lubunda."

Kalamu ilisimama. "Yule mukristo? Mubangubangu? Na wewe ni mwislamu, mutu wa Kasongo! Ndugu yako kwa baba ao kwa mama?"

Abedi alifungua mdomo aeleze. Aliona aanzie wapi: udongo masikioni, jogoo, blanketi moja, mtu anayejikuna mguu. Akaona ni habari ndefu mno kwa karani mwenye haraka.

"Baba, andika tu. Mutume mutu akamuulize. Atajibu vilevile."

Jean-Marie alimtazama yule mzee na kidoa chake cheupe, akaandika, akapiga muhuri, akamkabidhi karatasi. Abedi aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na pua, akaiweka mbali, akairudisha juu ya meza.

"Nisomee."

"Abedi, fundi wa nguo," karani alisoma, "pamoja na mke wake, anakwenda Lubunda, kwa ndugu yake Théophile."

"Mara moja tena, baba," alisema Abedi. "Ile ya mwisho tu."